Fundi wa Mafuvu

Nina kovu katika mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko, mahali ambapo mkono wa gauni hufunika. Ni nusu duara mbili zinazotazamana, na katika ile ya juu pana pengo, kipande cha ngozi nzima ambacho hakikuguswa. Watoto wangu niliwaambia nimeumwa na nyani. Wajukuu nao niliwaambia hivyo hivyo. Sasa nimezeeka na uongo huo umenichosha kuubeba. Nataka nimwandike mtu aliyelitazama kovu hili lingali kidonda, akajua pale pale kwamba nimesema uongo, na akajua pia kwamba nikisema kweli huenda nikauawa.

Tulimwita Fundi. Alizaliwa wapi na wa mlango gani, hayo watayajua waliomlea. Mimi nilimjua kwa kazi yake.

Banda lake lilikuwa Likoni, mbali na kivuko, nyuma ya mashamba ya mihogo upande wa kwenda Mtongwe. Wakati huo msitu ulikuwa bado umetusogelea. Mbele ya banda palikuwa na pipa la chuma juu ya mafiga, na ndani ya pipa hilo Fundi alichemsha vichwa vya nyani. Ndiyo, vichwa. Alivichemsha mpaka nyama ikaachana na mfupa, akavikwangua kwa kisu kidogo, akavianika juani. Sisi wanawake tukipita kwenda kisimani tulikuwa tukiziba pua kwa leso, na aliyekuwa na mimba alizunguka njia ya mbali.

Kazi hiyo alifundishwa na Mzungu mmoja aliyekuwa akikusanya mafuvu ya jamii ya nyani kuyapeleka kwao. Vita vilipoanza, Mzungu akapanda meli, akamwambia Fundi amngoje. Fundi akangoja. Hakuna aliyempa mshahara tena. Alilima mihogo yake kama sisi, na watu walimwita kuua wanyama waharibifu mashambani, lakini vichwa aliendelea kuvichemsha na kuvipanga.

"Akirudi asije akasema nilikuwa nimelala," alikuwa akisema.

Asije mtu akadhani namsifu mtu mpole. Fundi aliua kwa mkuki, kwa panga, kwa wavu na kwa mikono. Mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole vitatu. Viwili vilibaki kinywani mwa nyani dume aliyempasua mbwa wake kutoka shingo hadi tumbo mbele ya macho yake. Fundi alimrukia yule dume bila silaha, akamtia kidole gumba cha kushoto jichoni, akakisukuma mpaka mwisho. Jioni akamzika mbwa wake, akajitwaharisha mara saba, moja kwa udongo kama ilivyo sheria, akaenda kusali na mkono umefungwa kitambaa. Vile vidole viwili alivitoa tumboni mwa dume kesho yake. Akavizika karibu na mbwa.

Ndani ya banda palikuwa na ubao mrefu kutoka ukuta hadi ukuta, na juu yake mafuvu kwa safu. Si safu ya ukubwa, wala ya nani aliuawa lini. Alikuwa na mpango wake, na aliyeuvuruga alipigwa.

"Tazama pua," alitwambia. "Tazama mkono. Tazama meno. Mkia utazame mwisho, maana mkia ni muongo."

Mwanzo wa ubao walikaa komba. Wale, alisema, ni jamaa wa mbali kuliko wote. Pua zao ni mbichi kama ya mbwa. Meno yao ya mbele ya chini yamelala pamoja kama chanuo, nao huchana manyoya kwayo. Kila kidole kina ukucha bapa kama wetu, isipokuwa kidole cha pili cha mguu, chenye ukucha mrefu wa kujikunia. Komba mmoja mzima alikuwa akikaa katika mfuko wa shati lake, mchana analala, magharibi anatoa macho yake makubwa. Fundi alimlisha ndizi kwa ncha ya kidole. Siku paka alipomuua yule komba, Fundi alilia kwa sauti, mtu mzima mwenye ndevu, mpaka majirani wakaja wakidhani pana msiba. Alasiri kichwa cha komba kilikuwa katika sufuria ndogo.

"Fundi, hukumpenda?" nikamuuliza.

"Nilimpenda. Ndiyo maana simtupi."

Baada ya komba walifuata wenye pua kavu na kucha bapa kila kidole: tumbili mwenye uso mweusi, kima mwenye shingo nyeupe, nyani, na mbega. Hawa wote, alisema, matakoni wana sugu ngumu za kukalia juu ya tawi. Lakini ndani yao ni nyumba mbili. Na kwa habari ya nyumba hizo mbili nitamtaja kijana wa Mtopanga aliyekuja siku moja kuuza ngozi, akamwambia Fundi amemletea nyani mweusi.

Fundi aliifunua ngozi, akaona manyoya marefu meupe mabegani. Alimshika yule kijana kiganja, akakibana juu ya gogo, akaweka ukali wa panga katika shina la kidole gumba.

"Nikikata hapa, utakuwa nani?"

"Nitakuwa kilema, Fundi! Wallahi nitakuwa kilema!"

"Huyu uliyemuua si kilema, na gumba hana. Tazama mkono wake. Kijinundu tu. Vidole vyake vinne ni kulabu, hupita mitini kama wewe upitavyo barabarani. Tumbo lake lina vyumba, hula majani siku nzima. Mashavu yake hayana mifuko. Nyani, kima na tumbili wana gumba, na wana mifuko ya mashavuni wanamofutika mahindi yako wakimbie nayo. Haya, umeniletea nini?"

"Mbega, Fundi."

"Ondoa mkono wako."

Kijana hakuweza kuuondoa. Panga lilikwisha nyanyuliwa naye bado amekiacha kiganja pale juu ya gogo, na kikoi chake kimelowa. Fundi akampa maji ya kunywa na muhogo wa kuchoma, akamsindikiza mpaka njiani.

Karibu na mwisho wa ubao palikuwa na fuvu moja kubwa la sokwe, lililoachwa na Mzungu, limetoka huko Kongo. Huyo, alisema Fundi, hana mkia wala mifuko ya mashavu, kifua chake ni kipana, na mabega yake yanazunguka hata aweze kuning'inia. Baada ya sokwe paliachwa nafasi tupu, upana wa kichwa kimoja.

Nafasi hiyo ilimletea damu. Mwalimu wa chuo, ambaye ndiye aliyemsomesha Fundi Kurani utotoni, alikuja na bakora yake.

"Hii nafasi ni ya nani?"

"Wajua wewe, Mwalimu."

"Wataka kusema mwanadamu ni mtoto wa nyani?"

"Sikusema mtoto. Nyani hakutuzaa. Nasema meno ya nyani ni thelathini na mawili. Hesabu yako."

Mwalimu alikuwa amebakiwa na meno sita. Wanaume waliokuwa mlangoni wakaangua kicheko, na Mwalimu kwa hasira akamchapa Fundi bakora ya sikio, na ya pili, na ya tatu, mpaka shati likawa jekundu begani. Fundi, aliyemtoa nyani jicho, alisimama ameinamisha kichwa mpaka mzee akachoka. Ijumaa alisali nyuma yake. Nafasi nayo ikabaki tupu vile vile.

Sasa nimfikie mume wangu.

Alikuwa kuli bandarini Kilindini. Mrefu, mzuri, mcheshi. Alikuwa na mwanya meno ya juu, na siku ya posa wanawake wa kwetu walisema mwanya ule peke yake ni mahari tosha. Alikuwa akicheka kila saa ili watu wauone. Tukiwa na mwaka mmoja wa ndoa alikuja kwa Fundi na kikapu, nami nyuma yake. Ndani mlikuwa na mnyama mdogo wa baharia fulani, shingo imevunjwa.

"Aliniibia ndizi," mume wangu alisema akicheka. "Nimemsokota hivi, kama kukamua nguo."

Fundi alimlaza yule mnyama juu ya gogo. Matundu ya pua yalitazama pembeni, mbali mbali, na baina yake pana nyama pana. Matakoni hapakuwa na sugu. Mkia ulikuwa na nguvu ya kushika tawi. Akamfungua kinywa, akahesabu meno, akahesabu tena, akatoka nje kwenye jua akahesabu mara ya tatu. Thelathini na sita.

"Huyu ni mgeni," akasema. "Hana jamaa katika bara letu hili. Amevushwa bahari."

Halafu akamtazama mume wangu, kwanza mikono, kisha kinywa. Akamtazama muda mrefu hata mume wangu akaacha kucheka.

"Na mkeo humkamua pia?" akauliza.

Kila mtu aliona ni mzaha. Mimi nilivuta leso nikafunika mkono.

Maana nilikuwa nikipigwa. Kwa mkanda, kwa mwiko, kwa ngumi. Nilipoteza mimba moja kwa teke. Mavyaa wangu, mamake mume wangu, tuliishi naye nyumba moja, na yeye alikuwa na jibu moja: "Vumilia. Mimi nilivumilia babake." Siku ya jambo hili kaka yangu alikuja kutoka Mtongwe kunitazama. Ilikuwa miaka ya vita, mchele ulikuwa adimu, na sufuriani mlikuwa na wali wa mtu mmoja. Nikampa kaka yangu. Mume wangu aliporudi, kaka yangu alikwisha ondoka na sufuria iko tupu.

Alinishika kiganja. Nikavuta. Akanivuta, akainamisha kichwa, akaniuma kama mtu anayeng'oa mnofu kwenye mfupa. Hakuachia. Nilipiga kelele na mavyaa akaja akasimama mlangoni, akatazama mpaka mwanawe alipoinua uso na midomo yake ina damu yangu.

"Sema nyani," mavyaa akaniambia, akileta maji ya chumvi. "Ulikuwa shambani, nyani akakurukia. Aibu hii tutaificha wapi?"

Mume wangu akajifuta. "Ukinitaja," akasema taratibu, "mara ya pili nitashika koo."

Nikasema nyani.

Nami nilikuwa nimesahau jambo moja, au sikutaka kulikumbuka. Kwetu mtu akiumwa na mnyama, msako hauchelewi. Kila nyumba hutoa mwanamume mmoja na wavu. Na wakisha kuua, Fundi hupima. Mwaka uliotangulia nyani alimng'ata mtoto wa jirani paja, wakaua saba, na Fundi akachukua taya moja baada ya jingine akiliweka juu ya kidonda mpaka akampata dume mwenye chonge iliyovunjika ncha, ikaingia barabara katika tundu lake. Ndipo watu wakalala. Walitaka kujua aliyeonja damu amekufa.

Aliyeongoza msako wa kulipiza mkono wangu alikuwa mume wangu. Alitangulia mbele na rungu begani, akiimba.

Waliingia msituni asubuhi. Nyavu zilifungwa kando ya mihogo, mbwa wakatiwa upande wa pili, madebe yakapigwa. Nyani walitoka kwa kishindo, wakubwa na wadogo, wakajitupa katika nyavu. Sikuwako lakini nilisikia, na aliyesikia hawezi kusema hakuwako. Rungu likipiga kichwa cha nyani lina sauti ile ile ya nazi. Walipiga waliokuwa wamenaswa mikono na miguu. Jike mmoja alikuwa na mtoto amemshika tumboni. Walimuua mama, kisha wakamshika mtoto miguu wakampiga kwenye mti. Mbwa watatu wa mwanamume mmoja walipasuliwa. Wakarudi wakiburura maiti kumi na tatu, na jike mmoja mzee, angali hai, ndani ya wavu, maana walimwona dhaifu, wakasema huyo atakufa mbele ya mwenye kidonda.

Nilikuwa nimekalishwa juu ya jamvi uwanjani kwa Fundi, wanawake wamenizunguka, mavyaa karibu yangu ameniweka mkono begani. Vidole vyake vilikuwa vinanifinya. Wanaume walikuwa na njaa; wakang'oa mihogo shambani, wakamenya, wakawa wanatafuna mibichi wamesimama, mikono ina damu.

"Haya mke wangu," mume wangu akasema kwa sauti ya watu wote. "Ni yupi?"

Nikatazama. Wote walikuwa wamekufa, macho yamefunikwa mavumbi, ila yule mzee ndani ya wavu. Alikuwa amekaa kitako kama mtu, mikono imeshika nyuzi. Macho yake yote mawili yalinitazama mbele, kama anitazamavyo mtu.

Vidole vya mavyaa vikazidi. Nikanyosha mkono.

"Yule."

Rungu lilishuka nami kidole changu bado kimeelekea kwake. Mara moja, mara ya pili. Damu ilinirukia miguuni.

Fundi alitoka bandani mbio. "Nani amekwambia uue kabla sijapima?"

"Ameonyeshwa na mwenyewe," mume wangu akasema.

Fundi akapiga magoti juu ya jamvi. "Lete mkono, binti."

Akakifungua kitambaa. Akatazama kidonda. Nilikuwa karibu na uso wake, nikaona midomo yake ikihesabu. Alipofika katikati ya safu ya juu akasimama. Akainua macho, akanitazama. Nami nikamtazama kwa namna ya kumwomba, sijui kumwomba aseme au anyamaze, hata leo sijui. Aliona mavyaa alivyonishika.

Alichukua taya la yule mzee likiwa bado la moto, akaliweka juu ya mkono wangu. Akaliweka chini. Akachukua la pili. Alipima wote kumi na wanne, mmoja mmoja, hata kichanga.

"Hayumo," akasema.

"Hayumo vipi?"

"Nyani taya lake ni refu, na chonge zake huacha matundu manne ya kuingiza kidole. Hapa hapana tundu. Kima mdomo wake ni mdogo kwa kidonda hiki. Hapa ni meno mafupi, yamelingana, yamepinda kama ukingo wa bakuli. Aliyeuma hana mkia."

"Sokwe!" mtu mmoja akapaza sauti.

Basi uwanja ukavurugika. Wanawake wakarukiana, mmoja mnene akapanda juu ya kinu. Mume wangu ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. "Ni sokwe! Nyayo zake nimeziona mimi, hapo kisimani! Kubwa hivi!"

"Sokwe wa Likoni yuko pale ubaoni," Fundi akasema, "na amekufa miaka mingi."

Akasimama, akamwendea. Mume wangu alikuwa ameshika kipande cha muhogo, amekiuma nusu.

"Nipe muhogo wako."

Mume wangu akampa. Alidhani mtu mzima ameshikwa na njaa.

Fundi akarudi nao, akauweka kando ya kidonda changu watu waone. Palipoumwa, muhogo ulikuwa na alama za meno, na katikati ya alama za juu umesimama ukingo mwembamba wa muhogo usioguswa. Na juu ya mkono wangu, katikati ya safu ya juu, kile kipande cha ngozi nzima. Upana mmoja. Hapakuwa na mtu Likoni asiyeujua mwanya ule. Waliuimba harusini.

Mkono wa mavyaa ukatoka begani mwangu.

"Cheka," Fundi akamwambia mume wangu. "Si siku zote wacheka? Cheka tuone."

Mume wangu hakucheka. Fundi akaokota lile rungu, lingali na nywele za yule mzee, akampiga nalo mdomoni. Nilisikia meno. Mume wangu akaanguka, akainuka na panga, akanijia mimi. Mimi, wala si Fundi. Nilijua ameshika njia ya koo langu kama alivyoahidi.

Ni yule mwenye mbwa waliopasuliwa aliyemtupia wavu. Wengine wakaushika pembe. Wakampiga humo ndani kama walivyopiga asubuhi, kwa mipini, kwa miguu, kila mtu na hasira yake: huyu mbwa wake, huyu ametoneshwa bega, huyu ameona haya kudanganywa. Mavyaa akilia, "Mwanangu! Mtaniulia mwanangu!" Fundi aliwaacha. Aliwaacha kitambo kirefu kuliko ilivyohitajika, na mimi nilikaa juu ya jamvi nikatazama mpaka mwisho, kama mavyaa alivyotazama mlangoni. Halafu Fundi akasema, "Basi." Wakaacha.

Nilitazamia atanishika mkono aniinue. Hakunishika.

"Na wewe," akaniambia mbele za watu, "kumi na wanne."

Akaingia bandani.

Nilipewa talaka zangu wiki ile ile, nikarudi Mtongwe kwa mama. Siku ya Ijumaa, watu wako msikitini, ndugu wa mume wangu walilitia moto banda. Makuti hayakawii. Fundi aliporudi kutoka kusali alikuta ubao umeungua, akaingia katika majivu ya moto kwa miguu mitupu, akatoa mafuvu yaliyosalia kwa mikono. Vile vidole vyake vitatu viliungua pamoja. Niliyasikia hayo kwa watu. Sikuenda kumtazama. Kila nikitaka kwenda nilisikia "kumi na wanne."

Nilikwenda baada ya miaka minne. Vita vilikuwa vimekwisha, nimekwisha kuolewa na mtu mwingine, mwenye mkono mwepesi wa kutoa na mzito wa kupiga. Niliambiwa Fundi amepofuka na yuko kwa mpwa wake karibu na kivuko. Nikapika mkate wa kumimina, nikaufunga katika kitambaa, nikaenda asubuhi.

Alikuwa amekaa juu ya mkeka, mafuvu ameyatoa katika gunia, anayapanga sakafuni kwa kupapasa. Komba mwanzo. Alikuwa akitia kidole mahali pa macho, akipitisha ukucha juu ya meno, akiweka.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Nani?"

Nikapandisha mkono wa gauni, nikampa mkono. Akaupapasa kwa vidole vile vilivyoshikamana, polepole, mpaka akafika kwenye pengo.

"Kaa kitako," akasema. "Mzungu hajarudi."

Nikakaa. Nikamwambia nimeolewa, nina mtoto. Akasema alhamdulillahi. Nikamwambia nimemletea mkate. Akasema ameisikia harufu yake tangu mlangoni. Lile nililolifuata sikuwa na njia ya kulianza.

Yeye ndiye aliyeanza. Alipapasa safu mpaka baina ya kima na sokwe, akatoa fuvu moja lenye masizi upande mmoja na ufa mkubwa kwenye paji. Akaniwekea mapajani.

"Tia kidole. Tafuta chonge."

Nikatia. Zilikuwa fupi.

"Jike," akasema. "Tafuta magego."

Magego yalikuwa yamelika, laini kama changarawe za pwani.

"Mzee sana. Hata punje ya mahindi makavu hakuweza kuivunja. Wewe ulijua hawezi kukuuma vile?"

"Nilijua hakuniuma kabisa."

"Mbona ulimwonyesha yeye? Walikuwako maiti kumi na tatu. Ungeonyesha maiti."

Nimeulizwa mengi maishani mwangu, lakini hilo peke yake ndilo lililonikuta bila jibu la kutengeneza.

"Alikuwa akinitazama," nikasema.

Fundi akatikisa kichwa, kama mtu aliyekuwa akijua.

"Nisamehe, Fundi."

"Hukunionyesha mimi."

Akanigeukia kwa macho yake meupe akangoja. Nje watu walikuwa wakipita kwenda kivukoni, na mpwa wake anatwanga uani. Nikaelewa anangoja nini. Siku ile uwanjani aliyesema alikuwa Fundi, na muhogo. Mimi neno la mwisho lililotoka kinywani mwangu lilikuwa "yule." Tangu siku hiyo sikupata kumwambia mtu yeyote, hata mama yangu, hata mume wangu mpya, ni nani aliyeniuma. Kwao wote ulikuwa uvumi wa watu.

Nikalishika lile fuvu kwa mikono miwili. Nikaligeuza, matundu ya macho yakanitazama, yote mawili mbele.

"Aliyeniuma ni mume wangu," nikamwambia yule jike. "Aliniuma nyumbani, kwa sababu ya wali. Wewe sikuwahi hata kukuona kabla ya siku ile."

Fundi akanyosha mkono akampokea, akampapasa ufa wa paji kwa kidole, akamrudisha sakafuni mahali pake. Kisha akaupeleka mkono mbele, akapita sokwe, akafika penye nafasi tupu aliyokuwa ameiacha hata katika giza lake, akaipangusa mavumbi kwa kiganja.

"Haya," akasema. "Kata mkate."